Kamba Haina Ila

Masikio yangu yalistaafu kabla yangu. La kushoto halisikii tena adhana wala kengele ya kanisa, kwa hivyo halibagui dini. La kulia linasikia, ila kwa kuchagua. Magoti nayo yana mazungumzo yao kila nikipanda ngazi. Basi mwaka huu nimevua suti ya mpira kwa mara ya mwisho, nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na mke wangu kila siku anauliza ni nini kimekufa humu ndani. Vijana wa karakana wameniomba niandike niliyoyapitia chini ya maji, ili wanaoanza wasianze gizani. Nimechoka, lakini nitaandika. Anayetaka kujua nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, akawaulize wanaokumbuka mambo hayo. Mimi nakumbuka baridi.

Kwanza jina la kazi. Msijiite wazamiaji. Kosa hilo nililifanya mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipopanda Rabai kumwarifu mama mkwe kwamba nimepata kazi ya uzamiaji. Yule mama aliweka kata ya maji chini akaanza kulia. Kwa watu wa Mombasa, mzamiaji ni yule kijana anayejificha ndani ya meli ya watu ili aamkie Ulaya. "Na watoto hawa, Elia, unamwachia nani?" aliniuliza. Ilinichukua mchana mzima kumweleza kwamba mimi nitazama chini ya meli, si ndani yake, na kwamba jioni nitarudi nyumbani kula. Tangu siku hiyo nikawa mpiga mbizi.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kulehemu kule Kibarani, upande ule wa kisiwa ambako upepo ukigeuka unajua kila kitu ambacho mji umetupa. Jirani yetu palikuwa na karakana ya kampuni ndogo ya wapiga mbizi. Walikuwa wakitafuta mtu anayejua chuma. Kuogelea, walisema, atafunzwa. Mimi ni mtu wa mlimani, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ya pipa. Nilikuwa nakaribia miaka arubaini na nilichoshwa na moshi, nikadhani maji yatakuwa nafuu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo yaoge, lakini hawakusema kwa miaka mingapi.

Aliyenifunza ni Maalim Shee, mzaliwa wa mtaa wa Kibokoni, mwembamba, ndevu za mvi, na kofia ambayo aliivua pale tu alipoingia majini. Umaalim wake haukuwa wa chuoni. Aliitwa hivyo kwa sababu alimsahihisha kila mtu, hata manahodha wa meli za kigeni ambao hawakuelewa wanachosahihishwa. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye ngazi za mawe zinazoshuka baharini nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Ulikuwa wakati wa kaskazi, bahari imetulia.

"Ndoo hapa, Mrabai," aliniita, kwa lafudhi ya mtaa wake, ambamo njoo ni ndoo, maji ni mai, macho ni mato na leo ni yeo. "Wajua kuogelea?"

"Kidogo, Maalim."

"Kidogo ni hapana. Haya, tema mate."

Nikatema baharini. Akanitazama kwa huzuni.

"Bahari ina mai yake, haitaki yako. Tema kwenye kioo cha miwani, usugue, kisha usuze. Bila mate kioo kitaingia ukungu, nawe utakuwa kipofu mwenye mato."

Hilo ndilo somo la kwanza, na hata leo sijaona dawa ya dukani inayoyashinda mate. Somo la pili lilikuwa masikio. Bana pua, puliza taratibu, na ufanye hivyo mapema, kila unaposhuka kidogo, kabla sikio halijaanza kuuma. Mimi nilingoja liume kwanza, kwa sababu ndivyo tunavyofanya na kila kitu. Msiningojee tena niwaambie matokeo yake, nimeshayaandika pale juu.

Maji ya siku ile yalikuwa vuguvugu. Niliona vidole vyangu vya miguu, niliona samaki wadogo wakinichunguza, na nilipotoka nilikuwa na hakika kwamba kazi nimeifahamu. Maalim Shee akanirushia taulo.

"Yeo umeoga tu," alisema. "Kuzama utazama kipupwe."

Mgeni akisikia kwamba Mombasa kuna baridi hucheka, na wenyeji nao hucheka naye, kwa sababu baridi yenyewe haidumu na tunaisahau upesi. Lakini mpiga mbizi haishi kwa kalenda ya ukutani. Kaskazi inapovuma maji ni ya joto na safi, na wanafunzi hujifunza kiburi. Masika yakija, mvua husomba udongo wa bara na kuushusha kwenye mikono ya bahari inayozunguka kisiwa, na maji yanakuwa ya tabaka mbili: juu ya mvua, mepesi na baridi, chini ya chumvi. Mahali tabaka hizo zinapokutana macho hayaoni kitu, na mtu hudhani miwani yake imeharibika. Kisha huingia kipupwe, kusi ikiwa imeshika kweli, na hapo ndipo mtu hujua kama suti yake ina tundu. Demani ikifika bahari hutulia, maji husafika, na wote tunasahau tena.

Kazi yetu haikuwa ya kutazama samaki. Tulikagua matumbo ya meli, tukakwangua magamba ya bahari yanayoota chini, tukazibua matundu yanayovuta maji ya kupoza injini, na zaidi ya yote tulikata kamba na nyavu zilizojisokota kwenye rafadha, lile panga kubwa linaloisukuma meli. Masika moja tulitumwa kutafuta winchi iliyoanguka karibu na Kibarani, kwenye tope ambalo hata kurunzi ilikata tamaa. Huko unaona kwa vidole. Nilishika kiatu, nikashika fremu ya kitanda, nikashika kitu laini ambacho mpaka leo nimeamua kwamba kilikuwa gunia. Winchi tulipoipata hakuna aliyetaka kutukaribia, na Maalim Shee alikataa kupanda gari ya kampuni akasema atatembea mpaka anuke kama binadamu.

Kuhusu baridi, someni hapa vizuri. Maji hayahitaji kuwa barafu ili yakuibie joto, yanahitaji muda tu. Suti ya mpira haizuii maji kuingia. Inayaweka machache karibu na ngozi yakapata joto la mwili wako, ndiyo maana ni lazima ikubane. Ikiwa pana kwapani au kiunoni, maji yanaingia mapya na kutoka na joto lako, nawe unaipasha bahari yote. Ndiyo, watu hukojoa ndani ya suti. Anayesema hajawahi, hajazama kipupwe, au atakudanganya na mambo mengine pia. Usishuke na njaa. Mahamri mawili na mbaazi, na uwe umelala usiku, basi. Baridi ikikuanza utatetemeka, na kutetemeka si aibu, huko ni mwili kujitetea. Ikizidi vidole havikunjiki, na bizimu ya mkanda wa risasi unaokuzamisha inakuwa ngumu kuliko kufuli. Ukiona kutetemeka kumekoma na umeanza kusikia joto zuri, utulivu, na upendo kwa kila mtu, basi uko karibu kufa.

Tatizo ni kwamba aliyefikia hapo hawezi kujua. Akili ndiyo ya kwanza kuganda. Ndiyo sababu hakuna anayeshuka bila kamba kiunoni na mwenzake juu akiwa ameishika. Mshika kamba hasomi gazeti, hanunui viazi karai, hasimulii mpira. Kamba ndiyo sauti pekee iliyo kati ya walio juu na aliye chini. Zamani lugha yake ilikuwa fupi. Kuvuta mara moja kutoka juu ni swali: u salama? Kuvuta mara moja kutoka chini ni jawabu: salama. Mbili ni nilegezee kamba. Tatu ni kupanda. Nne za haraka ni hatari, nivute. Hata mtu wa mlimani aliijua lugha hiyo kwa asubuhi moja, na sisi tuliiamini kama tulivyoamini kwamba jua litachomoza.

Ndipo akaja Swaleh. Alikuwa kijana wa Kibokoni, mtoto pekee wa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akipika mikate ya sinia kwa maharusi. Maalim Shee ndiye aliyemleta, maana nyumba zao zilitazamana. Alikuwa mpole, mwepesi majini, na mwenye adabu ya kutuchosha. Sisi wa Pwani sote tunaamkiana, au tunaamkuana kama asemavyo Maalim, kwa urefu, lakini Swaleh hakuacha kitu. Atakuuliza wewe, mke, watoto, kazi, na mguu uliokuuma mwezi uliopita. Naye ukimuuliza, jawabu lilikuwa moja. Asubuhi moja alifika karakana kachelewa kidogo.

"Sabalkheri, Ami Elia," alisema. Aliniita ami, kama ndugu wa babake, tangu siku ya kwanza, ingawa yeye Mswahili wa mjini na mimi Mrabai wa kanisani.

"Sabalkheri, Swaleh. Habari za nyumbani?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na nyanya?"

"Njema. Ila amefariki alfajiri hii. Nimekuja kuomba ruhusa ya maziko."

Msicheke, maana nanyi mngejibu vivyo hivyo. Hali huulizwa, hali hujibiwa njema, kwanza ni shukrani kwa Mungu, pili ni heshima kwa anayeuliza. Shida hufuata baadaye, ikibebwa na neno "ila". Asiyejua kungoja ile ila hajui nusu ya habari za Pwani. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo kule Rabai, na sikuwahi kuliona kama jambo la kutajwa, mpaka kipupwe kile.

Meli ilikuwa imekwama bandarini Kilindini, kamba ya nailoni nene kama mkono imejisokota kwenye rafadha. Tulifunga tishali letu, ile boti bapa ya kazi, karibu na tezi yake, yaani nyuma. Maji yalikuwa mafu, mkondo umelala, lakini kusi ilikuwa ikipuliza na hata juu tulivaa makoti. Nilishuka mimi kwanza, nikakata nilichoweza, nikapanda nikitetemeka. Ikawa zamu ya Swaleh. Suti yake ilikuwa ya kurithi kutoka kwa mtu mnene, naye alikuwa na mbavu za kuhesabika, lakini suti nyingine haikuwepo. Akashuka na msumeno. Mimi nikashika kamba, Maalim Shee akaketi kando yangu na birika lake la kahawa.

Kazi ilikuwa ngumu. Nailoni ikisokotwa na rafadha huyeyuka na kuwa jiwe. Nilikuwa nikivuta mara moja kila baada ya muda, na kila mara jawabu lilikuja. Salama. Mapovu yalikuwa yakipanda sawasawa. Nikavuta tena. Salama.

"Yuaonaje?" Maalim aliuliza.

"Salama, Maalim. Amejibu sasa hivi."

"Na msumeno? Wausikia?"

Nikasikiliza kwa mkono. Mtu akikata, kamba hubeba mtikisiko mdogo. Sikuusikia. Nikasema huenda amepumzika. Nikavuta mara moja, jawabu likaja, la polepole, zuri, mara moja.

Maalim Shee aliweka kikombe chini, akanipokonya kamba. Akavuta mara tatu: panda. Tukangoja. Kamba ikavutwa mara moja. Akavuta tena mara tatu, kwa nguvu. Mara moja. Akavuta nne, ishara ya hatari ambayo mtu yeyote mwenye akili yake angeishtukia. Ikaja moja, kwa upole uleule.

Uso wa Maalim ulibadilika.

"Huyu hatujibu," alisema. "Huyu atuamkua. Mvuteni!"

Tulivuta mimi, yeye na nahodha wa tishali, na kamba ikawa nzito kwa sababu Swaleh alikuwa ameukumbatia usukani wa meli, ule ubao wa chuma ulio nyuma ya rafadha, kwa mkono mmoja na hakuwa akijua. Ilibidi nijirushe majini, nikiwa na mtungi mgongoni na miwani mkononi, kwenda kumbandua. Nilimkuta amefumba macho nusu. Msumeno ulikuwa umekwisha zama. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kamba kifuani, tayari kwa swali litakalofuata. Kipumulio kilikuwa kimeshikwa na meno tu, midomo haikuwa na kazi tena. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Tulimlaza sitahani. Hakuwa akitetemeka. Alikuwa akitabasamu.

"Swaleh! Hujambo, mwanangu?" Maalim alimwinamia.

"Sijambo, Maalim. Shikamoo."

"Wajua uko wapi?"

"Salama."

"Mamako aitwa nani?"

"Njema," alisema Swaleh.

Tukamvua suti, tukamfuta, tukamfunika kwa makoti yetu yote na turubai kavu. Nilianza kumsugua miguu, Maalim akanipiga mkono. Msimsugue mtu aliyeganda, wala msimsimamishe. Damu ya baridi iliyoko miguuni haifai kukimbilia moyoni. Mlazeni, mfunikeni kichwa, mkumbatieni kwa joto la miili yenu, na msimpe chai mpaka aweze kushika kikombe mwenyewe. Tulikaa hivyo, wazee wawili na kijana katikati, upepo ukitupiga. Kisha meno yake yakaanza kugongana. Akatetemeka mwili mzima, akatapika maji ya chumvi, akasema, "Ami, naona baridi." Maalim Shee aliangalia pembeni akafuta macho kwa kofia yake. Dakika chache zaidi chini kule, na tungemvuta maiti ambaye alitujibu salama mpaka mwisho.

Jioni, baada ya daktari kumtazama na kumlaza kwa uangalizi, tulikwenda Kibokoni kumwarifu mama yake. Bi Zuhura alikuwa barazani akichagua mchele.

"Karibuni," alisema. "Habari za kazi?"

"Njema, Bi Zuhura," Maalim alijibu.

"Nanyi hamjambo?"

"Hatujambo."

"Na Swaleh?"

"Hajambo." Mikono ya Bi Zuhura ilisimama ndani ya sinia, akingoja. "Ila yeo karibu tumpoteze," Maalim akasema.

Tulimweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Hamukumuuliza hali?"

"Tulimuuliza," nikasema mimi. "Kila mara."

"Naye akasemaje?"

"Salama."

Bi Zuhura alitikisa kichwa taratibu. "Ndivyo nilivyomlea," alisema, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Tulikaa naye. Tulipoaga alitusindikiza hadi kizingitini. "Siku nyingine musimwamkue," alituambia. "Muhojini, kama mwizi."

Kesho yake msimamizi wa kampuni alikuja karakana. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu kujua kilichoharibika ili akibadilishe. Alikunjua kamba yote sakafuni akaipitisha mikononi, shibiri kwa shibiri, akitafuta palipokatika.

"Kamba hii ilikuwa na ila gani?" aliuliza.

"Kamba haina ila," alisema Maalim Shee. "Na hiyo ndiyo ila yake."

Msimamizi alimtazama kama anayetazama mtu aliyekaa juani sana. Akaagiza kamba mpya. Ilikuwa kamba nzuri, ya rangi ya chungwa, nayo pia haikuwa na ila.

Lakini mimi nilimwelewa Maalim, na ninyi mkiondoka na neno moja katika maandishi haya, ondokeni na hili. Mdomo ukisema njema unaweza kuongeza ila. Uso unaweza kuongeza, sauti inaweza kuongeza. Kamba haiwezi. Ukimuuliza mtu wetu hali yake kwa kamba, utapata nusu ya kwanza ya jawabu, ile ya adabu, na nusu ya pili itabaki naye kule chini. Wazungu walioiandika lugha ile ya kamba labda kwao mtu akiulizwa husema kweli moja kwa moja. Sijui, sijazama na Wazungu wengi. Najua sisi tulivyo.

Basi tulibadilisha, kwa shauri la Bi Zuhura. Tukaacha kuamkua, tukaanza kuhoji. Mshika kamba akivuta mara moja, aliye chini ajibu mbili. Akivuta mbili, ajibu tatu. Akivuta tatu, ajibu nne. Kila mara aongeze moja, na mshika kamba abadilishe swali bila mpango, asizoeleke. Amri nyingine tukazitanguliza kwa kuitikisa kamba, zisichanganyike na maswali. Anayerudisha kile kile alichopewa hajajibu, ameitikia tu. Huyo anavutwa hapo hapo, hata akiapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba hajambo.

Swaleh aliporudi kazini mazoezi yale yalimsumbua sana. Akili ilijua, mkono ulikataa.

"Ami, naona kama utovu wa adabu," aliniambia. "Mtu kakuuliza hali, wewe wamzidishia hesabu."

"Mzidishie," nikamwambia. "Mama yako ametoa ruhusa."

Miaka ikapita, na mengi sitayaandika kwa sababu yalifanana. Mvua za Elinino zilipokuja, bandari yote iligeuka chai ya maziwa, tukafanya kazi kwa kupapasa miezi na miezi. Kaskazi iliyofuata maji yalikuwa ya moto kuliko tulivyozoea. Tulipopelekwa nje ya kisiwa kukagua boya, nikaona matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa, eneo zima, ilhali juu bahari ni ya buluu na nzuri. Maalim Shee alikuwa amekwisha acha kazi wakati huo. Nilipomsimulia pale barazani kwake alisema, "Bahari ina homa, nayo yatwambia salama." Alifariki mwaka uliofuata, kitandani mwake, mkavu. Swaleh na mimi tulibeba jeneza pamoja na watu wa mtaa, na njia nzima nilikuwa nikifikiria kwamba hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

Nilikosea. Kipupwe cha mwaka huu nilishuka chini ya meli Kilindini kuzibua matundu ya maji, kazi niliyoifanya mara zisizohesabika. Suti yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimekula. Swaleh, ambaye sasa ndiye kiongozi wa kikosi, alishika kamba mwenyewe. Nilikwangua, nikakwangua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kazi haikuniuma. Magoti yalinyamaza. Nilisikia raha, nikaanza kuimba kichwani wimbo wa kanisa la Rabai, ule ambao mama yangu alikuwa akiuimba akitwanga. Swaleh aliuliza, nikajibu. Akauliza, nikajibu. Kisha ghafla nikashikwa kiuno na kuvutwa juu kama ndoo ya kisima.

Nilifika sitahani na hasira.

"Nani amekwambia univute? Nilikuwa nakujibu!"

"Nilikuuliza mbili, Ami," alisema Swaleh, huku akinifungua mkanda, maana vidole vyangu vilikuwa vimekataa.

"Nikakupa tatu."

"Ulinipa mbili. Nikauliza tatu, ukanipa tatu. Nikauliza moja, ukanipa moja."

"Basi si nilikuwa nikijibu!"

"Ulikuwa ukiitikia."

Nikamwambia anachosema ni upuuzi, mimi sioni baridi hata kidogo.

"Najua, Ami," alisema, akinifunika koti lake. "Hata mimi sikuiona."

Nilikaa pale chini ya turubai nikingoja mwili wangu uanze kutetemeka, na ulichukua muda mrefu kuanza. Hakuna aliyeniambia niache kazi. Nilijua mwenyewe. Mtu akishafika mahali ambapo kamba yake inamjua kuliko anavyojijua, apande juu, abaki juu. Wiki ile ile nilimwarifu msimamizi, akanipa mkono, akaniuliza ninajisikiaje. Nikamwambia njema.

Sasa naishi nyumba ya kupanga nyuma ya Ndia Kuu, na asubuhi hukaa barazani. Watu hupita. "Habari za kustaafu, Mzee Elia?" Njema. "Hali je?" Njema, tunamshukuru Mungu. Huridhika, hupita, na mimi siwalaumu, wana shughuli zao.

Swaleh huja Ijumaa baada ya sala. Huniuliza hali, nami humjibu njema, kama nilivyolelewa. Kisha haondoki. Huketi, huvua viatu, hunyamaza. Juma lililopita nilitaka kumshinda kwa kunyamaza, nikatazama njia kana kwamba nina mgeni mwingine ninayemngojea. Naye akatazama njia.

"Njema, Swaleh," nikamwambia tena.

Akaendelea kuitazama njia.

"Ila nimechoka," nikasema. "Na sikio hili linalia mchana kutwa. Na asubuhi nikiamka sina pa kwenda, nami naogopa."

Akatikisa kichwa, akainua mkono kumwita muuza kahawa.

"Sasa umejibu, Ami," alisema.